Sauti ya Shimo la Vigae

Fumbeni macho kidogo, wanangu, mlione shimo. Ni shimo pana, limejaa vigae vya vyungu vilivyopasuka, vibuyu vilivyotoboka, pembe na mifupa. Jua ni la adhuhuri na hakuna mtu, lakini shimo linatoa sauti. Huuu. Linanyamaza. Huuu.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi, shimo hilo lilikuwa mtelemkoni, juu ya chemchemi ya kijiji. Kitu kikivunjika, mwenyewe alikipeleka pale, akalipa shimo kisogo, akakirusha juu ya bega na kwenda zake bila kugeuka. Walisema kitu kilichovunjika kimekufa, na ukimtazama mfu atakufuata nyumbani.

Basi, kwa kuwa hakuna aliyegeuka, hakuna aliyeona kwamba shimo limejaa pomoni, na takataka zinaporomoka polepole kuelekea kwenye maji.

Aliyeona ni Nguchiro peke yake. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, na tundu lake lilikuwa kati ya shimo na chemchemi. Kila mvua iliponyesha alisikia vigae vikishuka, kwaruu, kwaruu. Mlango wake wa nyuma ulikuwa umekwisha kufukiwa.

Akaenda kwa Jumbe Nyati, akamweleza kwamba watoto wake watazikwa hai, na kijiji kizima kitakosa maji. Akaomba vitu vile viondolewe.

Nyati hakuinua hata kichwa. "Tukiwatoa wafu, Bi Nguchiro, nani atawapokea?"

Wakubwa wote wakacheka. Lakini Nguchiro alirudi na swali lile kichwani. Nani atawapokea?

Kule mtoni aliishi Mama Kiboko, mfinyanzi. Alikuwa na huzuni, maana vyungu vyake vilipasuka motoni kimoja baada ya kingine. Nguchiro akaokota vigae shimoni, akavitwanga vikawa unga, akampelekea. Alimwambia kwamba ni udongo mwekundu wa milima ya mbali, achanganye na wake.

Chungu kikaingia motoni. Pwaa! Kikapasuka vipande. Mama Kiboko akamtazama kwa jicho baya.

Nguchiro akarudi shimoni kufikiri. Kumbe pamoja na vigae alikuwa amezoa kila kitu, majivu na mifupa humohumo. Safari hii alichagua vigae vitupu, akaviosha, akavitwanga upya. Chungu kilichofuata kilitoka motoni kizima. Mama Kiboko alikigonga kwa ukucha, kikalia ngiii.

Sifa zikaenea. Kila nyumba ikataka chungu kisichopasuka, na Nyati alichukua kikubwa kuliko vyote.

Adhuhuri moja upepo ukavuma. Nyati alikuwa amekaa peke yake nyumbani, mara akasikia kitu jikoni. Huuu. Manyoya ya mgongo yakamsimama. Akachungulia. Hakukuwa na mtu. Kilikuwepo chungu tu, mdomo wazi, kikimtazama. Huuu. Na nyumba ya jirani ikaitika, huuu, na ya pili yake, mpaka kijiji chote kikawa kinaguna kama shimo.

Wakamwendea Mama Kiboko, naye akawaambia ni Nguchiro aliyemletea unga, akisema ni wa milima ya mbali, lakini sauti ile wote waliijua ni ya shimo. Wakateremka wote hadi mlangoni kwa Nguchiro. Nyati alikuwa ameinamisha pembe.

"Umewaingiza wafu majumbani mwetu."

Nguchiro alisimama mbele ya watoto wake. Sauti yake haikutetemeka. "Ndiyo, Jumbe. Nilidanganya kuhusu milima. Umekula ndani ya chungu kile tangu mavuno. Umeumwa tumbo?"

Nyati akajipapasa tumbo.

"Na mkeo je?"

"Huyo amenenepa," Fisi akadakia, kisha akajificha nyuma ya Kiboko.

Nguchiro akaokota kibuyu kilichovunjika, akapuliza juu ya mdomo wake. Huuu. Halafu akamwomba Fisi kibuyu chake kipya cha maji, ambacho hakijawahi kukanyaga shimoni. Akapuliza. Huuu.

"Ni upepo, Jumbe. Sasa geuka ulitazame shimo."

Hakuna aliyesogea.

"Geuka, baba. Nimeishi nalo na bado ni mzima."

Nyati akageuka, polepole sana. Akaona ukingo umening'inia juu ya chemchemi. Kigae kimoja kikabanduka, kikabingirika mbele ya macho yao, kikatumbukia majini. Chubwi.

Hapo hakuna aliyecheka. Siku hiyohiyo walianza kutoa vitu shimoni, kila aina na kapu lake. Vigae vilikwenda kwa Mama Kiboko. Vibuyu vilikatwa vikawa kata za kuchotea maji. Pembe na mifupa alivichukua Fisi, akachonga vipini vya visu, na watu wakapanga foleni kwake. Mlango wa nyuma wa Nguchiro ukaonekana tena, na watoto wakautokea mbio.

Shimo sasa limeota majani. Lakini ukipita pale adhuhuri bado utasikia huuu, kwa sauti ndogo, hata siku isiyo na upepo.

Kitu hakifi kwa kuvunjika, wanangu. Hufa kwa kukosa anayekihitaji. Basi siku mtakapokwenda kutupa kitu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: geukeni mtazame, kabla hamjaondoka.