Vunja, Vunja!

Ndugu zangu, leo nawasimulia habari za mpiga gitaa wa roki. Mama zangu wa mbele pale, msikunje nyuso, nisikilizeni kwanza.

Kijana huyu aliupenda muziki ule wa kishindo tangu utotoni, ila kwao gitaa lilikuwa ndoto. Kaka yake, fundi seremala, akamchongea la umeme kwa mbao ya mninga, akalipiga msasa mpaka likang'aa. Kwa gitaa hilo kijana akapata bendi, na kwa bendi akapata jina.

Sasa, alikuwa amesikia kwamba magwiji wa roki huko ng'ambo waliwahi kuvunja magitaa jukwaani, na watu wakalisimulia jambo hilo miaka na miaka. Naye akatamani kusimuliwa.

Ikaja siku ya tamasha kubwa. Uwanja umefurika, na kaka mtu yuko mbele kabisa, mara yake ya kwanza kumwona mdogo wake jukwaani. Katikati ya wimbo kijana akaliinua gitaa juu ya kichwa. Uwanja ukapiga kelele: "Vunja! Vunja!"

Akamwona kaka yake anatikisa kichwa. Akasita.

"Lishushe tuendelee, bwana," mpiga dramu akamwambia.

"Kwani huwasikii? Wananitaka mimi!"

Akalibamiza sakafuni. Mninga ni mgumu, halikuvunjika. Akalibamiza tena, likapasuka. Loo, shangwe! Aliona dunia nzima iko chini ya miguu yake.

Shangwe ikatulia. Kisha watu walewale, kwa sauti ileile, wakaanza: "Piga! Sasa piga!"

Apige nini, ndugu zangu? Mkononi ana kipande cha shingo na nyuzi zinaning'inia. "Piga!" Chupa za maji zikaanza kurushwa. Waandaaji wakaita bendi nyingine, na uwanja ukaigeukia hiyo. Hakuna aliyemtazama tena.

Mtu mmoja tu alipanda jukwaani kumfuata. Kaka yake. Alipiga magoti, akawa anaokota vipande na kuviweka ndani ya koti lake.

"Kaka, nisamehe. Litaungika kweli?"

"Litaungika. Halitalia kama zamani, lakini litalia. Haya, inama, okota na wewe."

Na sisi je? Ni nani wanaotupigia kelele leo? "Mwache huyo mume!" "Mjibu baba yako akukome!" "Usimsamehe, utaonekana mnyonge!" Tunasikia sauti nyingi, tunadhani ni upendo. Kesho ukikaa peke yako unatafuta gundi, yupi kati yao atabisha hodi?

Basi wakikuambia vunja, wewe piga. Piga wimbo wako mpaka mwisho, hata wakikuzomea.

Na wewe uliyekwisha kuvunja, usiikimbie nyumba hii ya Mungu kwa aibu. Aliyekuchonga hajaondoka uwanjani. Yuko hapo miguuni pako, amepiga magoti, anaokota. Inama, ndugu yangu. Okota naye.