Mbweha na Chafya Kumi za Mbwa Mwitu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyua za kufagia na vinu vya kutwangia kama bibi zenu, aliishi mbweha mmoja jina lake Bi Zawena. Nyie wa huko nyuma, acheni kusukumana. Mimi sirudii.

Bi Zawena alikuwa mdogo wa mwili, masikio yamechongoka, na mkia wake ulikuwa mnene, manyoya tele. Mumewe aliitwa Sudi. Walikuwa na watoto wanne, wachanga kabisa, hata macho hawajafumbua. Nyumba yao ilikuwa shimo lililoachwa na muhanga, yule mla mchwa mwenye kucha za kuchimbia. Shimo zuri hilo! Lina sebule, lina chumba cha ndani, na mvua inyeshe inavyotaka, tone haliingii. Na masika yenyewe yalikuwa yanabisha hodi, mawingu yametanda.

Basi alasiri moja Sudi amekaa mlangoni anamenya panzi wa chakula cha jioni. Akasikia, "Hodi hapa!"

"Karibu!" akajibu, hata kichwa hakuinua. Mazoea hayo.

Ti! ti! ti! ti! Wakaingia uwanjani mbwa mwitu kumi. Miguu mirefu, masikio ya duara kama sahani, ngozi imejaa mabaka kama shuka iliyotiwa viraka. Mbele yao alikuwa jumbe wao, Mapande, kifua hiki hapa!

Bi Zawena akachungulia.

"Mume wangu," akanong'ona, "umemkaribisha nani?"

"Sikuangalia."

"Hukuangalia! Haya, sasa angalia."

Jumbe Mapande akajinyoosha katikati ya uwanja. "Dada, tumefika. Mke wangu ni mjamzito, karibu atajifungua, anataka chumba cha ndani. Kesho asubuhi nitolee hao watoto wako."

"Niwatoe niwapeleke wapi? Mvua hii hapa! Watakufa!"

"Ukoo utaamua. Nyumba hii ni ya ukoo."

"Ukoo gani?"

"Ala! Wetu sisi. Wewe nani?"

"Mimi mbweha."

"Na mbweha ni nini kama si mbwa mdogo anayekaa mwituni? Na mbwa wa mwituni ni nani? Ni sisi! Kwa hiyo wewe ni mbwa mwitu ambaye hajakua vizuri."

Mbwa mwitu wote wakacheka, kwa! kwa! kwa! Bi Zawena akapandwa na hasira mpaka ncha za masikio.

"Hebu nisikilize, Jumbe. Mimi jina langu ni moja, linanitosha. Nyinyi mmechukua la mbwa wa watu, mkalibandika mwitu nyuma ili lifike. Nyinyi mnawinda kundi zima, mnakimbiza swala mpaka anakata pumzi. Mimi na mume wangu tunakula panzi, panya, na matunda yaliyoanguka. Undugu uko wapi hapo?"

"Panzi!" Jumbe akajishika mbavu. "Maskini dada yetu, anakula panzi! Na mkia huo je? Umeuchukua ufagio wa nani?"

Wakacheka tena. Mmoja akaanguka chini kwa kicheko.

Wanangu, nataka niseme kweli: mbwa mwitu si watu wabaya. Walikuja na paja la swala, na wa kwanza kupewa nyama alikuwa mzee wao mmoja, Mzee Kipande, chongo na mguu hauna nguvu. Wakamngoja ashibe, ndipo wao wakala. Hilo Bi Zawena aliliona, akalipenda. Lakini kumpenda mgeni ni kitu kingine, na kumpa chumba cha wanao ni kitu kingine.

Akaingia ndani. Watoto wamelala wamelaliana, vu, vu, vu, wanapumua.

"Tuhame," Sudi akasema.

"Tuwabebe kwa meno, wanne, mvuani? Tutafika na wangapi?"

Sudi akawatazama watoto. Machozi yakamlengalenga.

Bi Zawena akaketi, akafikiri. Kisha akajipangusa uso, akatoka nje anatabasamu kama bibi harusi.

"Kaka Jumbe," akasema, "nimejirudi. Kama mimi ni wa ukoo, basi nifundisheni mila za ukoo. Nisije nikawatia aibu."

Jumbe akafurahi sana. Mkubwa yeyote hupenda kuulizwa.

"Vizuri, dada! Sikiliza. Sisi hatugombani. Tukitaka kujua kama tunaondoka mahali, tunapiga chafya."

"Chafya?"

"Chafya. Anayetaka tuondoke, hachii! Anayetaka tukae, kimya. Tuko kumi. Tukipiga wote kumi, tunanyanyuka palepale, na hapo mahali haturudi tena."

"Mh! Na kama mtu amepiga kwa bahati mbaya?"

"Chafya haiulizwi sababu! Ndiyo sheria yetu tangu babu wa babu zetu. Si ndiyo, Mzee Kipande?"

"Ndiyo hiyo hiyo," Mzee Kipande akasema, mdomo umejaa nyama.

"Na ambaye hapigi chafya wenzake wote wakipiga?"

"Huyo si wa ukoo. Hana sauti, hana fungu, hana lolote kwetu."

"Ahaa," akasema Bi Zawena. "Nimeelewa, kaka. Nimeelewa sana."

Akaenda zake jikoni. Huko juu ya kichanja alikuwa ameanika pilipili kichaa, zile ndogo nyekundu ambazo ukizishika kisha ukajisahau ukapangusa jicho, utamwita mama yako. Akazitia kinuni. Twa! twa! twa!

"Unatwanga nini, dada?" Jumbe akauliza kutoka uwanjani.

"Kiungo cha wageni, kaka!"

Na wala hakusema uongo. Zilikuwa za wageni.

Asubuhi ilipopambazuka, mbwa mwitu wakaketi duara uwanjani, kwenye vumbi la kiangazi kizima. Jumbe akakohoa kidogo. "Haya. Leo tunakaa moja kwa moja. Dada, walete nje watoto."

"Nawaleta, kaka. Ila ngoja nifagie kwanza. Wageni watukufu hawa, wakae kwenye uchafu? Watu wataninena."

Akatoka na ufagio na pakacha. Ndani ya pakacha, unga mwekundu. Akaunyunyiza huku na huku, ati anatuliza vumbi. Kisha akauzungusha ule mkia wake mnene, akajifunika pua na mdomo kama aliyejitanda ushungi.

"Mbona unajifunika?" Jumbe akauliza.

"Vumbi hili, kaka. Mimi kifua changu kibovu."

Ndani, Sudi naye alikuwa amewafunika watoto kwa mkia wake, wanne wote.

Bi Zawena akaanza kufagia. Fya! fya! fya! Vumbi likapanda.

"Hachii!" Wa kwanza.

"Hachii!" Wa pili.

"Hachii! Hachii!" Wa tatu na wa nne kwa pamoja.

"Jamani, nani anataka kuondoka?" Jumbe akafoka. "Tumeshakubaliana tuna... wewe, acha! Wewe pia!"

Fya! fya! fya!

Wa tano. Wa sita. Mke wa Jumbe naye, tumbo likimtikisika, "Hachii!" Wa saba huyo. Wa nane. Mzee Kipande akapiga moja kubwa mpaka akapinduka. Tisa!

Akabaki Jumbe peke yake. Amekaza taya, amebana pua kwa makucha, macho mekundu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Wenzake wote wanamtazama.

"Mimi," akasema kwa taabu, "sitaki... sisi hatu... hatuondo... hatu... ha... ha..."

Bi Zawena akafagia mara moja tu, taratibu, kuelekea upande wake. Fya.

"HACHIIIII!"

Majani ya mti wa uwanjani yakapukutika. Kumi!

Mbwa mwitu wakanyanyuka wote, ti! ti! ti!, wakajipanga mstari. Mila ni mila.

"Ngojeni! Ni pilipili hiyo!" Jumbe akapiga kelele. "Ametutia pilipili! Chafya hizi hazihesabiki!"

Mzee Kipande akamgeukia kwa lile jicho lake moja. "Mapande. Chafya haiulizwi sababu. Jana umesema mwenyewe, mimi nikisikia."

Jumbe akamwendea Bi Zawena, amefura. "Na wewe! Kumi tumepiga chafya, umesimama hapa hapa nasi. Mbona wewe hukupiga?"

Bi Zawena akauteremsha mkia wake polepole, akaukung'uta, akautandaza nyuma ili kila mtu auone vizuri.

"Kwa sababu mimi si wa ukoo, kaka. Mimi ni mbweha. Na nyumba ya mbweha si ya ukoo wenu."

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wa Jumbe.

"Wifi yangu," Bi Zawena akamwambia yule mama kwa upole, "vuka bonde hili. Chini ya kichuguu kikubwa kuna shimo jingine la muhanga, zuri kuliko hili. Wahi kabla ya mvua."

Wakawahi. Alasiri ile mvua ya masika ikaanguka, na ng'ambo ya bonde mke wa Jumbe akajifungua watoto kumi na mmoja, wakavu wote. Huku nako wanne wa Bi Zawena walilala chumba cha ndani wasijue hata kilichotokea, na Sudi tangu siku hiyo akisikia hodi, huchungulia kwanza ndipo ajibu.

Basi nendeni mkalale na hili moja: mtu akikulazimisha undugu ili akunyang'anye chako, msikilize vizuri anapokusomea sheria zake, maana mlango wa kutokea anakuonyesha mwenyewe.