Mkeka Usio na Pindo

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, kunjeni miguu, niwape habari za mwanamke aliyeshiba akakataa kulala.

Hapo kale palikuwa na kijiji kilichozungushiwa ua wa miiba, na lango lake lilikuwa moja tu. Nje ya ua, msituni, liliishi zimwi. Miguu kama vinu, ukucha mmoja mrefu kama jembe, na chakula chake watoto. Lakini lilikuwa na miiko miwili. Lilikuwa haliwezi kustahimili jua, kwa hiyo lilitoka siku ya mvua ya kwanza ya mwaka tu. Tena lilikuwa haliwezi kuvuka mkeka mpaka liufuate kwa ukucha, ukindu baada ya ukindu, hadi kwenye pindo. Likikosea, linaanza upya.

Basi, msukaji wa mkeka uliotandikwa langoni kulizuia aliitwa Mbeyu. Alijua nakshi moja, ile aliyofundishwa na marehemu mama yake. Kila mwaka alisuka mkeka ule ule, na kila mwaka zimwi lilikuja, likakosea, likalia, jua likatoka, zimwi likakimbia. Kwa kazi hiyo kijiji kizima kilimlisha. Mtama uliletwa, asali ililetwa, jogoo aliletwa. Mumewe Chengo alimpenda, na binti yao Dama alikuwa na mashavu kama maandazi. Nani asingetaka maisha hayo? Mimi ningeyataka.

Siku moja, mvua ya kwanza imekatika na watu wanapiga ngoma, Mbeyu alikwenda kuuokota mkeka wake langoni. Akaona tope pale ukucha ulipofikia. Mwaka uliotangulia tope lilikuwa katikati ya mkeka. Mwaka huu lilikuwa kando ya pindo kabisa.

Zimwi lilikuwa linajifunza, na yeye alikuwa amekaa.

Akamweleza mumewe. Chengo alikuwa mtu mwema, akamsogezea kibuyu cha asali.

"Si limerudi bila kumgusa mtu? Imetosha, mama Dama."

"Bado kidogo," akasema Mbeyu.

Kesho yake, kabla ya kuwasha moto, alichukua ukindu ajaribu nakshi mpya. Vidole vikaenda vyenyewe kwenye ile ya mama. Akafumua. Akasuka tena, akafumua tena. Siku hiyo alipata kipande kisichozidi kidole, na alilia. Kuwa mwanafunzi wakati watu wanakuita fundi kunauma, wajukuu zangu. Siku ya pili alitaka kulala, maana tumbo lilikuwa limejaa na kitanda kilikuwa na joto. Akajiambia atasuka kidogo tu, halafu arudi kulala. Hakurudi.

Ikawa ndiyo desturi yake, kidogo kila asubuhi. Akasuka nyayo za kanga. Akasuka mgongo wa chatu. Akasuka utando wa buibui. Wifi yake Kadzo akapita na mtungi kichwani, akamcheka.

"Nani anakudai, wifi? Ghala limejaa. Imetosha."

"Bado kidogo," akasema Mbeyu.

Mimi huyu mwanamke nampenda, acheni niseme. Kujituma ukiwa na njaa si ajabu. Yeye alikuwa ameshiba, na hakuna aliyemsukuma.

Basi mvua ya kwanza ikaja. Mbeyu akatandika mkeka wa zamani langoni, na nyuma yake ule mpya, ambao ulikuwa haujaisha. Akaketi mwishoni mwake, nyuzi za ukindu zikining'inia mkononi, na watoto wote nyuma ya mgongo wake. Zimwi likaja linaimba:

*Ukindu juu, ukindu chini,*
*pindo li wapi, niingie ndani?*

Mkeka wa zamani liliumaliza huku limefumba macho. Akina mama wakapiga mayowe. Mguu ukagusa mkeka mpya. Kwenye nyayo za kanga likakosea, likaanza upya. Kwenye mgongo wa chatu likakosea, likaanza upya. Kwenye utando wa buibui likakosea, likaanza upya. Lakini lilikuwa jepesi la kujifunza, na mvua haikukatika. Mwishowe ukucha ulikuwa shibiri moja tu kutoka vidole vya Mbeyu. Zimwi linafuata, Mbeyu anasuka. Zimwi linafuata, Mbeyu anasuka.

Ukindu ukaanza kumwishia. Kadzo alimtazama wifi yake, kisha akakimbia nyumbani, akautoa mkeka wake wa kulalia na kuufumua palepale, akimpa uzi mmoja mmoja. Mvua ile ile iliyolileta zimwi ikaulainisha ukindu, ukasukika.

Zimwi likageuza sauti, ikawa tamu.

"Vidole vinakutoka damu. Wewe ni fundi, kila mtu anajua. Imetosha, mama. Kunja pindo upumzike."

"Bado kidogo," akasema Mbeyu.

Akaacha nyayo za kanga, akaacha chatu na buibui, akasuka nakshi ambayo hakuwahi kufundishwa na mtu wala kuijaribu. Alikuwa akiitunga hapo hapo. Ukucha ukatetemeka, ukapotea, na zimwi likarudi mwanzo wa mkeka likilia. Hapo jua likatoka. Safari hii zimwi lilikuwa limechoka, halikuwahi kukimbia; likakauka kama tope, likapasuka, likabaki kichuguu langoni.

Ngoma ya siku hiyo sitawaelezea, mtataka kucheza na sasa ni wakati wa kulala.

Asubuhi yake Chengo aliamka akamkuta mkewe mlangoni, ukindu mapajani, vidole vimefungwa vitambaa.

"Zimwi limekufa, mke wangu. Sasa unamsukia nani?"

Mbeyu akafikiri kwanza. Akamwambia kwamba alianza kwa sababu ya zimwi, ni kweli, lakini mahali fulani, labda kwenye nyayo za kanga, alilisahau. Na ile nakshi ya jana alitaka kuona inaelekea wapi.

"Kwa hiyo haijatosha?" akauliza Chengo, akicheka.

"Bado kidogo."

Chengo akaketi kando yake, akaanza kumchania ukindu.

Hadithi yangu imeishia hapo, na ukindu uliobaki ni wenu. Ukishiba, usikalie kile unachokijua tayari. Ongeza kidogo kila siku, hata kama hakuna anayekudai.