Shada la Upupu la Chuo cha Nyikani

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa?

Tumekaa!

Mwenye usingizi?

Akalale!

Mwenye kulaumu?

Asubiri zamu yake!

Haya, tegeni masikio, maana sirudii.

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipokuwa wakisoma na kufeli kama watu, palikuwa na chuo kimoja kikiitwa Chuo cha Nyikani. Wanyama walisomea kunusa mvua, kuchimba visima na kukwepa mitego. Masomo yalikwenda vizuri. Kilichokwenda vibaya ni mpira.

Timu ya Nyikani ilikuwa na mabeki imara. Ilikuwa na kipa hodari. Lakini washambuliaji wake! Hawakufunga kwa mguu, hawakufunga kwa kichwa, hawakufunga hata kwa bahati.

Washambuliaji wenyewe walikuwa watatu. Swala alicheza mbele kabisa, mwepesi kama upepo. Tumbili alicheza nyuma yake, akigawa mipira. Ngiri alikimbia pembeni, mkia juu, na mara nyingi akifika mwisho wa uwanja alikuwa amesahau alichokimbilia.

Mwalimu wao alikuwa Mbuni. Miguu ya mpira alikuwa nayo, lakini mwaka ule alikuwa analalia mayai. Kiota chake kilikuwa pembeni mwa uwanja, karibu na kibendera cha kona. Mumewe alilalia usiku tu. Mchana alisema ana shughuli, na shughuli zenyewe hakuna aliyewahi kuziona. Basi Mbuni alifundisha mpira akiwa amekaa. Akisimama, mayai yanapoa. Akikaa, washambuliaji wanalala. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Sasa, Nyikani kulikuwa na desturi. Timu ikishindwa, Mkuu wa Chuo, Mzee Tembo, aliitisha Baraza. Baraza halikuuliza, "Tufanyeje?" Baraza liliuliza, "Nani?" Mwenye kosa akipatikana, alivishwa shingoni shada la upupu, akakaa nalo mpaka mechi inayofuata.

Msukaji wa shada alikuwa Fisi. Fisi hakuwa mchezaji, hakuwa mwalimu, wala hakuwa mwanafunzi. Lakini Baraza hakukosa hata siku moja. Shada alilisuka kwa vijiti viwili, asiguse upupu, huku akiimba.

Ikachezwa mechi ya kwanza. Nyikani hawakufunga. Baraza likakaa.

"Mimi si msemaji," Fisi akasema, kisha akasema mpaka kivuli kikahama. "Mshambuliaji wa mbele ni nani? Ni Swala. Kazi yake nini? Kufunga. Amefunga? Hajafunga. Jamani, mnataka niwachoree?"

"Mpira haunifikii!" Swala akalia. "Muulizeni Tumbili!"

Mzee Tembo akageuza masikio. "Mwalimu, unasemaje?"

Mbuni alikuwa amechoka. Jua lilikuwa linazama, mume hajaonekana, na yai moja lilikuwa linahitaji kugeuzwa. Alitaka kikao kiishe.

"Basi ni Swala," akasema.

Swala akavishwa shada. Wiki nzima alirukaruka hivi, alirukaruka vile, mpaka wageni wakadhani anafanya mazoezi.

Ikachezwa mechi ya pili. Nyikani hawakufunga. Baraza likakaa.

"Safari hii ni Tumbili," Fisi akasema. "Mpira ukimfikia anautazama kama barua ya posa."

"Mimi nagawa, wao wanapokea!" Tumbili akafoka. "Muulizeni Ngiri anakimbilia wapi!"

Tumbili akavishwa shada. Alijikuna kwa mikono yote na miguu yote, akaomba na mkia umsaidie.

Ikachezwa mechi ya tatu. Nyikani hawakufunga. Baraza likakaa, na kwa kuwa aliyebaki ni Ngiri, hata Fisi hakuhangaika kutoa hotuba. Ngiri akavishwa shada. Akaenda kugaagaa kwenye tope, akatoka na upupu ule ule, na tope juu yake.

Ikabaki mechi moja tu ya kumaliza mwaka, dhidi ya Chuo cha Mtoni. Mzee Tembo akaja mwenyewe mpaka kiotani.

"Shikamoo, Mzee," Mbuni akasema bila kuinuka.

"Marahaba. Mwalimu, Baraza limekaa. Swala ameadhibiwa. Tumbili ameadhibiwa. Ngiri ameadhibiwa. Goli hakuna. Aliyebaki ni wewe."

"Nami nivae shada?"

"Utavaa, kisha utaondoka. Mechi ya Mtoni ikipita bila goli hata moja, jioni hiyo hiyo uhame Nyikani. Tutatafuta mwalimu anayeweza kusimama."

Mbuni akatazama chini ya mabawa yake. "Mzee, mayai hayahami."

"Hilo Baraza halikulijadili," Mzee Tembo akasema, akaondoka polepole, ardhi ikitikisika.

Mbuni hakulia. Angelia saa ngapi? Mazoezi yalikuwa yanaanza.

Siku hiyo alikaa kimya akatazama. Ngiri akachukua mpira, akampa Tumbili. Tumbili akampa Swala. Swala akafika golini. Mbele yake palikuwa na kipa peke yake, tena amegeuka kufukuza nzi. Swala akageuka, akamrudishia Tumbili. Tumbili akampa Ngiri. Ngiri akampa Swala. Swala akamrudishia Tumbili.

"Piga!" Mbuni akapiga kelele.

"Apige Tumbili!" Swala akajibu.

"Apige Ngiri!" Tumbili akajibu.

Ngiri alikuwa ameshafika kwenye vichaka.

"Njooni hapa!" Mbuni akaita. "Wote watatu. Kaeni chini. We Ngiri, nimesema kaa. Usile hizo nyasi, kaa. Swala, mwanangu, lango lilikuwa wazi kama mdomo wa kiboko. Ulirudisha mpira kwa nini?"

"Niliona Tumbili yuko vizuri zaidi, Mama."

"Tumbili alikuwa amekaa chini anajikuna!"

Swala akatazama kwato zake.

Tumbili, ambaye kunyamaza hakuweza, akasema, "Mama, tuambiane ukweli. Nikipiga nikakosa, nani atavaa upupu? Mimi. Nikimpa Ngiri akakosa, nani atavaa? Ngiri. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi nampa Swala," Ngiri akasema.

"Na mimi namrudishia Tumbili," Swala akasema. "Mama, asiyepiga hakosi."

"Na asiyepiga hafungi, wajinga nyie!"

"Ndiyo. Lakini kwenye Baraza unaweza kusema hukuletewa mpira vizuri."

Mbuni akazitazama shingo zao. Ya Swala ilikuwa imechubuka. Ya Tumbili ilikuwa na madoa mekundu. Ya Ngiri haikuonekana kwa tope, lakini alikuwa akiisugua kwenye mti huku anaongea. Akakumbuka jioni ile aliposema, "Basi ni Swala," ili tu kikao kiishe. Kikao kiliisha, na hamu ya kupiga golini nayo ikaisha.

"Nendeni mkanywe maji," akawaambia. "Mmenichosha."

Wakaenda. Mbuni akageuza mayai, moja baada ya jingine, akifikiri.

Siku ya mechi ikafika. Wanyama wa Mtoni wakaja na ngoma, na langoni mwao akasimama Mamba, mdomo wazi. Fisi alikuwa ameshakaa mbele kabisa ya watazamaji. Kando yake lilikuwa shada jipya, nene, refu, limetundikwa mtini.

"Nimekusukia la heshima, Bibie," akamwambia Mbuni. "Kwa shingo kama hiyo, la kawaida lisingetosha."

"Ahsante," Mbuni akasema. "Nivishe."

Fisi akadondosha vijiti vyake. "Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mzee Tembo, shikamoo tena. Desturi inasema mwenye kosa avae. Kosa la leo ni langu, lote, hata ambalo halijafanyika. Atakayepiga nje, kosa langu. Atakayejikwaa, kosa langu. Atakayempiga Mamba pua, kosa langu. Nivisheni, watoto wakacheze."

"Desturi ni kuvisha baada ya mechi," Mzee Tembo akasema.

"Baada ya mechi mna kazi ya kunifukuza. Mtashika mangapi? Nivisheni sasa."

Mzee Tembo alitikisa masikio kushoto, akatikisa kulia, asipate sababu ya kukataa. Akaitikia kwa mkonga. Fisi akaokota vijiti, akanyanyua shada, akalishusha shingoni mwa Mbuni.

Siku zile shingo ya mbuni ilikuwa na manyoya laini, mengi, kuanzia kifuani hadi kichwani. Upupu ukaingia humo ukakaa kama mgeni aliyeletwa na mvua. Mbuni akauma mdomo, akabaki amelalia mayai yake.

Mpira ukaanza. Wanyama wa Mtoni hawakupoteza muda, wakafunga goli moja mapema. Baraza likaanza kunong'ona.

Halafu Ngiri akapata mpira pembeni. Akakimbia, mkia juu. Akamtafuta Tumbili, Tumbili amezibwa. Akafumba macho, akapiga. Mpira ukapita juu ya lango, juu ya migunga, ukaenda zake.

Wote wakamtazama Ngiri. Ngiri akashika shingo yake.

"Kosa langu!" Mbuni akapiga kelele kutoka kiotani, huku akiikuna shingo kwa mdomo. "Leteni mwingine!"

Ngiri akashusha mguu. Akatazama huku, akatazama kule. Hakuna aliyemfuata na shada.

Mpira ukamfikia Tumbili. Tumbili akamtazama Swala, akamtazama Ngiri, kisha akapiga mwenyewe. Mpira ukagonga tumbo la Mamba, pwaa! ukarudi.

"Ungempa Swala!" Fisi akapaza sauti.

"Kosa langu!" Mbuni akapaza zaidi. Sasa alikuwa anajikuna kwa kucha za mguu, na manyoya yalikuwa yanaruka kama pamba ya mto uliopasuka. "Kosa langu, nimesema! Rudini mbele! Pigeni!"

Jua likateremka. Mpira ukamfikia Swala, na mbele yake alikuwa Mamba peke yake. Swala hakumtafuta Tumbili. Hakumtafuta Ngiri. Hakujitazama kwato. Alipiga. Mpira ukapita chini ya mkia wa Mamba, ukatulia nyavuni kama kitu kilichokuwa kinajua njia siku zote.

Wacha bwana! Nyika nzima ililipuka kwa shangwe. Mabeki walikimbia kutoka nyuma, kipa alikimbia akaacha lango, wakamlalia Swala hadi akaomba kupumua. Filimbi ikalia, mechi ikaisha moja kwa moja.

Na Baraza likakaa.

Ndiyo, likakaa! Safari hii liliuliza goli ni la nani.

"Langu," Swala akasema. "Mguu uliopiga si huu?"

"Nani alikupa mpira?" Tumbili akauliza. "Ulianguka na mvua?"

"Mabeki wa Mtoni nani aliwavuta pembeni?" Ngiri akauliza.

Fisi akasimama. "Ndugu zangu, tusidanganyane. Bila shada hakuna goli. Nani alisuka shada? Goli hili ni la shada, na shada ni langu."

"Jamani!" Mbuni akasema. Manyoya ya shingo yalikuwa yamebaki machache, na hayo nayo yalikuwa yanaaga. "Gaweni goli mtakavyo. Lakini kwanza mnivue hili dude!"

Swala akarudi nyuma. Tumbili akaficha mikono. Ngiri akakumbuka jambo kwenye vichaka.

Mzee Tembo alimtazama Mbuni, akayatazama yale manyoya ardhini, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akaonekana anaona haya. Akamgeukia Fisi.

"Umesema shada ni lako?"

"Langu kabisa, Mzee."

"Basi lichukue. Likae kwako. Hapa halitavaliwa tena."

Fisi akatafuta vijiti vyake. Vilikuwa vimekanyagwa na mabeki wakishangilia. Akazunguka, akakohoa, akasingizia tumbo. Mzee Tembo akasubiri. Mwishowe Fisi akalivua shada kwa mdomo. Upupu ukamshika midomo, ukamshika ulimi, ukashuka kooni. Akaanza kucheka bila kutaka, akakimbia akicheka, na hata leo mkimsikia anacheka gizani msidhani amefurahi.

Mbuni hakuhama. Manyoya ya shingo hayakuota tena, na mtu akitaka kuhakikisha akamtazame mbuni yeyote. Baada ya siku chache yai la kwanza likapasuka, akatoka kifaranga, amelowa, ana maswali tayari.

"Mama, shingo yako imefanya nini?"

"Imenunua goli moja."

"Goli la nani?"

"La Swala. Au la Tumbili. Bado wanabishana."

"Na kosa lilikuwa la nani?"

"We mtoto," Mbuni akasema, "umezaliwa sasa hivi. Kauka kwanza."

Basi wanangu, ngano inatufundisha hivi: nyumba inayomsaka mkosaji kila siku haimpati mtendaji hata mmoja. Mtu akijua akikosea ataumbuliwa, hatajaribu lolote. Atakaa tu, kazi ampe mwenzake, na mwenzake ampe mwenzake. Anayetaka watoto wake wapige, awe tayari kusema kosa ni lake mpira ukienda nje.

Ngano yangu nimeitua hapa kama mzigo wa kuni. Mwenye kuokota aokote, mwenye kuacha aache, na aliyechelewa kulala kesho asinisingizie mimi.