Kinu cha Mama Mkwe

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, kompyuta zilipokuwa zimekwisha kuingia hata kwenye maduka ya vyombo, palikuwa na mwenye duka pale Nzega aitwaye Ndimila. Alikuwa na sufuria, alikuwa na mabeseni, alikuwa na chupa za chai, na alikuwa na mama mkwe. Hivyo vya kwanza alivimudu. Lakini mama mkwe, huyo alimwogopa, maana tangu aoe hakuwahi hata kula mbele yake.

Bibi huyo, Kalekwa jina lake, alikuwa anaezeka upya nyumba yake, akamwomba mkwewe amhifadhie kinu. Si kinu hivi hivi. Kinu cha mninga, ambacho mabinti zake watano walitwangia kila mmoja siku ya harusi yake, na bado kitindamimba. Ndimila akakiweka stoo nyuma ya mabeseni, akakisahau.

Basi Ndimila akaleta programu ya kusimamia mali ya duka, akatoa amri mbili. Ya kwanza: "Kila kilichomo stoo kipewe namba. Nimesema kila kitu!" Ya pili akaiandika ukutani kwa rangi nyekundu: KINA NAMBA, KINAUZWA.

Bi Nyamizi, mtunza stoo, akaorodhesha. Sufuria akaandika. Beseni akaandika. Kiti cha mlinzi akaandika, bakuli la paka akaandika. Kinu akakitazama, akajua kabisa ni cha nani, akaandika.

Elinipa, binti wa kompyuta, hakutaka kuchosha vidole kwa kitu kimoja kimoja. Akachagua orodha nzima, akabonyeza mara moja, vitu mia sita vikapata namba kwa mpigo. Akajipigia makofi. Akachapa vibandiko viwili viwili, kimoja cha kubandika, kimoja cha akiba. "Kinu kimoja tu stoo nzima?" alijiuliza. Hakuuliza mtu.

Akaja dereva wa lori, mpita njia, akakipenda kinu. Sued, muuzaji, akakigeuza, akaona kibandiko, akatazama ukuta. Kina namba, kinauzwa. Akauza.

Alhamisi Bibi Kalekwa akaingia dukani, mchi begani.

"Hodi humu. Harusi ya kitindamimba wangu ni keshokutwa. Nimefuata kinu."

Ndimila akawaita watu wake watatu. Wakakimbilia kompyuta, nayo ikajibu bila haya: kinu, kilichobaki, sifuri. Namba ya kinu iliijua. Kilikokwenda haikujua.

"Shikamoo mama," alisema Ndimila, macho sakafuni. "Mimi niliposema kila kitu, nilimaanisha bidhaa. Mtu mwenye akili angeelewa."

"Asiye na akili ni mimi?" alidakia Bi Nyamizi. "Mwaka jana niliruka ndoo moja, ukanifokea mbele ya wateja. Leo nimeandika kila kitu, nafokewa tena!"

"Mimi nilipewa orodha, bibi," alisema Elinipa. "Kompyuta haijui mkwe wala shemeji."

"Na mimi nilitii ukuta," alisema Sued. "Tena nilikisifia sana, bibi. Nilimwambia yule dereva kinu kama hiki hakuna."

Bibi hakucheka. "Keshokutwa ukoo wa bwana harusi utauliza kinu kiko wapi. Mmoja wenu atasimama aujibu, kisha atatwanga mtama wote wa harusi kwenye kinu cha kuazima, watu wakimtazama."

Akachukua kile kibandiko cha akiba cha kinu, kilichokuwa kando ya kompyuta, akakibandua karatasi yake. "Si chenye namba ndicho kinachotoka humu? Basi nitakayembandika hiki, naondoka naye."

Wanne wakaziba vipaji vya nyuso. Jasho likamteremka Ndimila hadi kwenye soksi. Kwa mara ya kwanza tangu aoe akamtazama mkwewe usoni, akaona machozi, na moyo ukamuuma kwelikweli.

Haya, nyinyi mlionisikiliza mkicheka: kidole cha bibi kiko juu, gundi inakauka. Je, nani alistahili kubandikwa?