Kigingi cha Mama Nguchiro

Paukwa!

Pakawa.

Anayepepeta mchele na aendelee kupepeta, masikio yanatosha. Hadithi hii haibembelezi mtu.

Hapo zamani za kale, wanyama wachimbao mashimo walikaa kwenye mteremko mmoja. Upande huu walikaa Ngiri na Nungunungu. Upande ule alikaa Mama Nguchiro na watoto wake. Katikati palikuwa na ukanda mtupu, kutoka kilimani hadi mtoni. Uliitwa Njia ya Maji. Wazee waliokuja kwanza walichomeka vigingi pande zote mbili, wakasema: ndani ya vigingi jenga, nje ya vigingi acha maji yapite.

Miaka ikapita. Mvua zikawa haba. Ngiri akang'oa kigingi chake, akakisogeza hatua tano, apate ua wa kugaagaa. Nungunungu akasogeza chake hatua tatu, apate jiko. Mama Nguchiro akawaona, akanung'unika. Kisha akazaliwa mtoto wa nne, na watoto wakawa wanalala wamepangana kama kuni. Naye akasogeza chake. Hatua mbili tu. Akachimba chumba cha watoto.

Kila jioni alisimama mlangoni pa chumba hicho akawahesabu. Mmoja, wawili, watatu, wanne. Ndipo akaenda kulala.

Siku moja akaja Muhanga. Mnamjua Muhanga? Pua ndefu, kucha kama majembe. Akatembea Njia ya Maji juu na chini, pua ardhini, fwi fwi, fwi fwi. Kisha akaenda kwa Kima, mwenyekiti wa mtaa. Kima alikaa juu ya mti.

"Mwenyekiti, eneo lile limelala bure," Muhanga akasema. "Nitachimba nyumba kumi za kushikana, ukuta kwa ukuta. Sungura wanatafuta pa kukaa."

"Taratibu zipo," Kima akasema. "Nitaita baraza. Asiyependa atapinga. Ila anayepinga husimama kwanza kwenye kigingi chake, tupime, tujue naye yuko mahali pake."

Habari zikazagaa. Majirani wakakutana mlangoni kwa Ngiri.

"Familia kumi za sungura," Ngiri akasema. "Usingizi ndiyo basi tena."

"Na choo watachimba wapi?" Nungunungu akauliza.

"Ninyi mnasema choo," Mama Nguchiro akasema. "Mimi nauliza maji. Mvua kubwa ikija, yatapita wapi?"

"Hapo umesema, mama," Ngiri akasema. "Useme hivyo hivyo barazani. Sisi tutakuwa nyuma yako."

"Nyuma yangu umbali gani?"

Wakatawanyika, kila mmoja kwake.

Siku ya baraza ikafika. Kima akakaa kwenye tawi lake. "Nani anapinga?"

Ngiri akatazama kwato zake. Nungunungu akajikuna, cha cha cha. Mama Nguchiro akasimama.

"Mimi nina neno."

"Vizuri, mama. Nenda kwenye kigingi chako, tuje kupima."

Akaenda. Muhanga akamfuata, pua ardhini, fwi fwi. Walipofika kwenye kigingi Muhanga akanusa, akanusa tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Udongo huu haujashika, mama. Kigingi hiki kimehamishwa. Chumba kilicho nje ya mpaka kikipimwa, kinafukiwa. Una watoto wangapi?"

"Wanne."

"Watalala wapi?"

Kima akaita kutoka mtini: "Haya, mama. Unapinga nini?"

Mama Nguchiro akakitazama chumba cha watoto. Akasema, "Nilitaka kuuliza tu, kazi inaanza lini."

"Kesho," Muhanga akasema.

"Hakuna aliyepinga," Kima akatangaza. Baraza likafungwa.

Fuku, fuku, fuku. Muhanga akachimba. Nyumba ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi. Udongo wote akaurundika upande wa juu, kilima kingine kizima, ukaziba Njia ya Maji kutoka kigingi hadi kigingi. Akakung'uta kucha, akaenda kuchimba mteremko mwingine. Sungura walikuwa bado hawajahamia.

Mwaka huo mvua ikaja. Ilinyesha siku mbili. Siku ya tatu, mchana, watoto wakala, wakalala chumbani mwao. Mama Nguchiro alikuwa nje akitafuta cha jioni. Maji yakashuka kilimani, guu, guu, guu. Yakafika kwenye rundo. Yakasimama. Yakatafuta pa kupita. Nusu yakageukia upande huu, yakabeba jiko la Nungunungu na ua wa Ngiri. Nusu yakageukia upande ule, yakakuta chumba kilichotokeza hatua mbili.

Mama Nguchiro akakimbia. Akaingia kwenye tope, akatoka na mtoto kinywani, akamweka juu ya jiwe. Akarudi, akatoka na mwingine. Akarudi, akatoka na mwingine. Aliporudi tena hakukuwa na mlango.

Akasimama pale jiweni, akahesabu. Mmoja, wawili, watatu. Akaanza upya. Mmoja, wawili, watatu.

Majirani wakaenda kwa Kima, wameloa chapachapa. "Mwenyekiti, uliruhusu nini hiki?" Ngiri akauliza.

Kima alikuwa mkavu. "Niliuliza mbele yenu," akasema. "Hakuna aliyepinga."

Mama Nguchiro hakwenda huko. Mvua ilipokatika alifukua kigingi chake, akakibeba hatua mbili nyuma, akakipiga kwa jiwe, ko, ko, ko. Nungunungu akapita.

"Sasa unakirudisha cha nini, mama? Maji yameshapita."

"Baraza jingine litaitwa," akasema. "Siku hiyo nitasimama hapa." Akaendelea kupiga.

Wanangu, na ninyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, funzo ni hili. Anayemega kidogo mahali pa wote hujifunga mdomo mbele ya yule anayekuja kuchukua pote. Na kama umekwisha kumega, kubali kupimwa na useme. Mama Nguchiro angesema, angepoteza chumba tu.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye kigingi. Mwenye ua uliosogea, kesho asubuhi aende akautazame.