Pimbi Amshauri Nyati Kuhusu Kibao

— Ngano jamani, ngano!
— Ije, tumekaa!
— Ije imebeba nini?
— Ije imebeba kibao!
— Kinene au chembamba?
— Tuambie wewe!

Haya, sogeeni. Palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini asiye na mkia, naye aliishi na mama yake mzazi. Mama alikuwa mzee, macho hayaoni, na mwili wake haukupata joto mpaka upigwe na jua. Kila asubuhi Pimbi alimwongoza hadi kwenye jabali moja bapa, ambalo jua lililifikia kabla ya mengine yote. Mama alijilaza pale, akatetemeka, akatetemeka, kisha akatulia. Akishatulia, ndipo Pimbi alipokwenda kutafuta majani ya kula.

Asubuhi moja akaja Nyati. Gubu! Gubu! Gubu! Mgongo ulikuwa unamwasha. Akauegemeza kwenye jabali lile, akajisugua, kwaru, kwaru, kwaru, akasikia raha mpaka akafumba macho.

"Jabali hili nimelipenda," akasema. "Kuanzia kesho ni langu. Asubuhi langu, mchana langu, jioni langu."

"Baba Nyati," akasema Pimbi, "chukua mchana, chukua na jioni. Asubuhi tuachie. Mama anasikia baridi."

"Aa, mimi silitaki nusu. Nalitaka zima."

Huko mlimani ugomvi wote uliamuliwa kwa mchezo wa kupigiana mpira kwa vibao vya mti, ule ambao siku hizi mjini wanauita pikoboli. Wavu wa mizizi ulifungwa chini chini, mistari ilichorwa kwa majivu, na mpira ulikuwa kibuyu kidogo kikavu kilichotobolewa matundu. Ukiupiga mpira ukaangukia nje ya mstari, pointi ni ya mwenzako. Ukidunda kwako ukashindwa kuurudisha, pointi ni ya mwenzako. Yote hayo Nyati aliyajua. Asichokijua kilikuwa kimoja tu: kupiga polepole.

Wakaenda kwa Fundi Kigong'ota, ndege achongaye miti kwa mdomo wake. Ngo-ngo-ngo! Ngo-ngo-ngo! Vibao vilikuwa vimebaki viwili.

"Hiki chembamba ni kikali," fundi akawaeleza. "Ukiugusa mpira tu, umeruka. Hiki kinene ni kipole. Kinameza kishindo, mpira unakwenda pale unapoutaka."

Nyati hakungoja amalize. "Kikubwa changu!" akasema, akakikumbatia kile kinene.

Pimbi akakiona kinene kikimponyoka. Yeye alikuwa mchezaji wa kugusa, wa kuudondosha mpira karibu na wavu, na kazi hiyo ilitaka kibao kinene. Akamfikiria mama akitetemeka bila kutulia. Akatafuta uongo wa kumwambia Nyati, akatafuta, akaukosa. Basi akaamua kumwambia kweli.

"Umechagua vizuri, Baba Nyati."

Nyati akasimama. "Nimechagua vizuri? Wewe unanisifu mimi?"

"Kabisa. Nguvu unazo tele, huhitaji kuongezewa. Kinachokufaa ni kibao cha kukutuliza. Hicho chembamba usikiguse, kitaurusha mpira mbali mno."

"Mbali kiasi gani?"

"Mbali mpaka mwenyewe utashangaa."

"Ni kweli," akadakia Fundi Kigong'ota. "Msikilize mwenzako."

Nyati akamtazama fundi, akamtazama Pimbi, akacheka, he he he! "Mmekula njama, nyie! Mnaniona mjinga? Chembamba kina nguvu, ndiyo maana mnanificha! Lete hapa!"

"Baba, nakuomba, kiache."

"Lete!"

Akakitupa kinene chini, akanyakua chembamba. Pimbi akakiokota kile kinene, akakipangusa vumbi taratibu.

Mchezo ukaanza. Fundi Kigong'ota akakaa juu ya tawi kuwa mwamuzi.

Pimbi akagusa. Po. Nyati akapiga. Pwaaa! Mpira ukapita wavu, ukampita Pimbi, ukapita mstari, ukaanguka majanini.

"Nje!" akasema Kigong'ota.

Pimbi akagusa. Po. Nyati akapiga. Pwaaaa! Mpira ukapita wavu, ukampita Pimbi, ukapita mstari, ukapita kichuguu, ukaangukia kwenye miiba.

"Nje!"

Nyati akaenda kuutafuta, akarudi na miiba puani, anahema. Pimbi akamwonea huruma.

"Piga polepole, Baba. Mkono uwe mwepesi."

"Ahaa, umeanza kuniogopa!"

Akapiga kwa nguvu zake zote na za ukoo wake wote. Pwaaaaa! Mpira ukapita wavu, ukampita Pimbi, ukapita mstari, ukapita kichuguu, ukavuka korongo. Wakangoja kusikia ukianguka. Wakangoja.

"Nje," akasema Kigong'ota kwa sauti ndogo. "Na hatuna mpira mwingine. Kwa pointi zilizopo, jabali ni la Pimbi."

Kesho yake asubuhi Pimbi akampandisha mama jabalini. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo, na jua hafifu. Mama akatetemeka, akatetemeka, hakutulia. Kisha akainua masikio.

"Nani huyo anahema hapo nyuma?"

"Nyati, mama. Nimemshinda, lakini haondoki."

"Anataka nini?"

"Mgongo unamwasha."

"Maskini. Kamwambie alale upande huu, upepo unakotoka."

Nyati akaja akiinamisha pembe, akalala. Upepo ukakatika. Joto la ubavu wake likampata yule mama mzee, akatulia kabla hata jua halijapanda. Pimbi akapanda mgongoni mwa Nyati, akaanza kumkuna kwa kucha zake ndogo.

"Chini kidogo," akasema Nyati. "Kushoto. Hapo hapo."

Pimbi akakuna, akakuna. Halafu Nyati akauliza, "Kwa nini hukuniambia kwamba kinene ndicho kinachonifaa?"

"Nilikuambia, Baba."

Nyati akafikiri sana. "Kweli," akasema. "Uliniambia." Akafumba macho.

Nami ngano yangu nailaza hapo hapo. Aliyeipenda ajifunike nayo, aliyeichoka anirudishie, kwangu kuna nafasi.

— Na mafunzo yake?
— Mafunzo? Ni haya: ukienda kununua kibao, usimsikilize anayekutakia mema. Chukua kile unachokatazwa, piga kwa nguvu, na mpira ukipotea mlaumu fundi.
— Ndivyo alivyofanya Nyati!
— Ndiyo. Na si mmemwona mwenyewe amelala raha mustarehe, anakunwa mgongo?